Kokwa la Embe: Dawa ya Watu au Mlinzi wa Mafuta?

Msimu wa maembe ukifika hapa mkoani Tabora, kuanzia Novemba hata Januari, mtu hawezi kupita njia ya sokoni asikanyage kokwa. Mtoto amaliza embe lake, kokwa alitupa. Mama mwuzaji hufagia makokwa jioni na kuyasukumia mtaroni. Mbuzi huyalamba, nzi huyakalia, mvua huyaozesha. Miembe hii si migeni kwetu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani zake. Wafanyabiashara wa baharini waliileta pwani, na misafara ya karne ya 19 ikaieneza bara, ndiyo maana miembe mikubwa ya kale husimama hata leo Tabora na Ujiji, mahali misafara ilipopumzika. Muda wote huo twala nyama ya tunda, na kokwa, ambalo kwa kadiri ya aina ya embe huwa sehemu 10 hata 25 katika kila sehemu 100 za uzito wa tunda zima, twalihesabu kuwa takataka.

Katika mdahalo wetu wa mwezi wa Februari ilitolewa hoja kwamba makokwa ya matunda ni utajiri unaotupwa. Waliounga mkono walisema kwamba kokwa la embe na la parachichi lina antioksidanti nyingi kuliko nyama ya tunda lenyewe, kwa hiyo lisagwe, linywewe, nalo litaponya kisukari, shinikizo la damu na hata saratani. Waliopinga walicheka, wakasema kokwa ni chakula cha mbuzi. Kura zilipopigwa, waliounga mkono walishinda kwa makofi mengi. Mimi nilikuwa nimenyosha mkono, lakini kengele ya chakula ililia, na kengele ya chakula haina mpinzani katika shule hii. Basi namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi hapa. Nasema kwamba pande zote mbili zilikosa shabaha. Kokwa lina mali kweli, lakini mali hiyo si dawa ya kumnywesha mtu. Kazi yake iliyo karibu nasi, tena yenye ushahidi, ni kulinda mafuta ya kula yasichache. Na hata kazi hiyo haitawezekana mpaka tujifunze kuilinda mali yenyewe isipotee kabla hatujaikamua.

Nianze na hilo neno antioksidanti, maana siku hizi latajwa kama jina la hirizi. Sote twajua kwamba msumari ukiachwa nje hupata kutu, na kwamba oksijeni ya hewani ina sehemu katika jambo hilo. Mafuta nayo hushambuliwa na oksijeni. Chembe za mafuta ya alizeti zina viungo dhaifu, na kutoka penye viungo hivyo haidrojeni huweza kunyang'anywa kwa urahisi. Chembe moja ikinyang'anywa, hugeuka kuwa mnyang'anyi, ikaipora jirani yake, na jirani naye akaipora ya tatu, na hivyo hivyo mpaka mafuta yote yana harufu kama ya rangi ya kupakia milango. Antioksidanti ni kitu kinachokubali kutoa haidrojeni yake mwenyewe, kisha kikatulia pasipo kupora mwingine. Mnyororo wa uporaji ukakatika hapo. Hiyo ndiyo maana yake. Neno hili halikutoka katika vitabu vya uganga.

Sasa wasomaji watazame jirani zetu wa Singida. Mkoa huo unajulikana kwa alizeti, na kila aliyesafiri kwa basi kwenda Dodoma ameyaona mafuta yake yamepangwa kando ya barabara katika chupa na madumu ya plastiki meupe, yanang'aa kama asali. Yanapendeza macho. Lakini jua la mchana lapita moja kwa moja ndani ya plastiki hiyo. Katika mafuta ya alizeti ya kawaida, zaidi ya nusu ni asidi ya linoleiki, na hiyo ndiyo yenye viungo dhaifu nilivyovitaja. Mwanga huanzisha uporaji, joto huuharakisha, na chuma au shaba ikiwamo, hata kwa kiasi kidogo sana, huuchochea zaidi. Ni kweli kwamba alizeti ina vitamini E, nayo ni antioksidanti ya asili. Lakini vitamini hiyo huisha kidogo kidogo kama mkaa jikoni. Mama anunuaye dumu zima ili limfae miezi kadhaa huanza kuona tofauti katika mboga kabla dumu halijafika nusu. Akiyamwaga, amepoteza fedha. Asipoyamwaga, watoto wanakula mafuta yaliyochacha. Na mkulima wa Singida hupata sifa mbaya, wanunuzi wakakimbilia mafuta yaliyosafishwa kiwandani, ambayo mengi hutoka nchi za nje.

Hapo ndipo kokwa la Tabora lapasa kukutana na mafuta ya Singida.

Ukilipasua kokwa la embe utaona gamba gumu lenye nyuzi, na ndani yake kiini cheupe kama haragwe kubwa. Kiini kikavu kwa sehemu kubwa ni wanga. Kina mafuta pia, kwa kawaida sehemu 7 hata 15 katika mia, mafuta magumu yanayofanana sana na siagi ya kakao. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya chokoleti ya mwaka 2000, uliyaweka mafuta ya kiini cha embe miongoni mwa mafuta 6 ya mimea yanayoruhusiwa kuchanganywa na chokoleti, mradi yasizidi sehemu 5 katika mia. Ajabu ni kwamba sisi tunaokanyaga makokwa hatujui habari hiyo. Lakini chokoleti si shauri langu leo. Pamoja na wanga na mafuta, kiini kina polifenoli, yaani jamii ya vitu vikali vinavyokausha ulimi: tanini, asidi ya galiki, asidi ya elajiki na nyinginezo. Hizi ndizo antioksidanti zenyewe. Chembe ya asidi ya galiki ina mahali 3 panapoweza kutoa haidrojeni kwa ajili ya kumtuliza mnyang'anyi.

Hakuna haja ya kuamini maneno yangu. Kata kiini kibichi kwa panga la chuma cha kawaida, uache dakika chache, utaona weusi kwenye makali. Weusi huo ni tanini zimeshikana na chuma. Katika maabara yetu tulitwanga kiini, tukakiloweka katika maji ya uvuguvugu, tukachuja, kisha tukadondosha tone moja la kloridi ya chuma. Maji yaligeuka mara moja yakawa ya samawati iliyokoza kuwa nyeusi. Wino wa kuandikia uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa njia iyo hiyo, tanini za uvimbe wa mti wa mwaloni zikichanganywa na chumvi ya chuma. Mwalimu wetu wa Kemia alichovya kijiti katika maji yale akaandika tarehe ubaoni, na tarehe hiyo ilikuwa ngumu kufutika.

Basi, ikiwa mali iko, kwa nini nasema ulinzi utangulie? Kwa sababu kitu kilicho tayari kumpa oksijeni haidrojeni yake hakibagui oksijeni ya wapi. Ukikiacha wazi, kitatumika bure. Askari aliyepiga risasi zake zote njiani hana kazi tena vitani. Katika kokwa bichi jambo hili huenda upesi, kwani mmo vimeng'enya vinavyosaidia oksijeni kuzigeuza polifenoli. Kokwa likiwa zima, vimeng'enya hukaa chumba chake na polifenoli chumba chake. Likikatwa au likipondwa, kuta huvunjika. Kata kokwa la parachichi ulisage na maji kidogo, uliache mezani: lilikuwa jeupe, nalo litakuwa rangi ya chungwa kabla hujamaliza kuosha vyombo. Watu huisifu rangi hiyo. Rangi hiyo ni ishara kwamba polifenoli zimeanza kugeuka kitu kingine.

Kwa hiyo mambo yanayofanyika katika siku mbili za kwanza baada ya embe kuliwa yana uzito kuliko mashine yo yote itakayonunuliwa baadaye. Kiini kibichi kwa kadiri nusu ya uzito wake ni maji. Kikikaa ndani ya kokwa lenye unyevu, katika gunia, wakati wa mvua, ukungu utakiwahi. Yapasa kokwa lioshwe siku ile ile, lianikwe kidogo, gamba lipasuliwe, kiini kitolewe na kupitishwa katika mvuke wa maji yanayochemka kwa dakika chache ili vimeng'enya vife. Mvuke ni bora kuliko kukichemsha ndani ya maji yenyewe, kwani polifenoli nyingi huyeyuka, ukayamwaga maji ukadhani umehifadhi kiini kumbe umehifadhi wanga. Kisha kikatwe vipande vyembamba kwa kisu kisichopata kutu, kikaushwe mahali penye kivuli na upepo, au katika kaushio la jua lililofunikwa kwa juu, joto lisizidi nyuzi 60. Siyo juu ya mkeka katikati ya uwanja. Najua kwamba bibi zetu walikausha kila kitu juu ya mkeka, na matobolwa yao yalikuwa matamu. Lakini viazi havikuwa vinatunzwa kwa ajili ya polifenoli.

Baada ya hapo ndipo twaweza kukamua. Maji peke yake huchukua polifenoli kiasi, na spiriti peke yake kiasi, lakini mchanganyiko wa viwili hivyo, spiriti ikiwa nusu au zaidi kidogo, huchukua nyingi kuliko kimoja kimoja. Unga wa kiini hulowekwa humo kwa saa kadhaa katika chombo cha kioo kilichofunikwa, mahali pasipo mwanga, joto likiwa la uvuguvugu tu, kisha huchujwa. Huo ndio nitakaouita mchujo. (Spiriti ya maabara hufungiwa ofisini kwa mwalimu, kwa sababu ambazo wazazi watazielewa bila mimi kueleza.) Vyuo vikuu huharakisha kazi hiyo kwa mashine za mawimbi ya sauti, ambazo hupasua chembe za mmea bila kuzipasha joto jingi. Sisi tulitumia chupa, kitambaa, na subira.

Mchujo nao hauwezi kukaa hivyo hivyo kabatini. Ukikaa, hewa huutafuna, nao hubadilika rangi na kupungua nguvu. Viwandani huulinda kwa njia ambayo mimi naiona ni ya kupendeza kuliko zote katika habari hii. Mchujo huchanganywa na kitu cha kuufunika, kama vile maltodekstrini, ambayo ni wanga uliokatwakatwa, au gundi ya migunga, ile ambayo Sudan imeiuzia dunia kwa muda mrefu. Kisha hunyunyizwa kama manyunyu ya mvua ndani ya chumba chenye hewa ya moto, pengine nyuzi 150 hata 180. Msomaji atauliza: je, si umesema joto ni adui? Ndiyo, lakini tone dogo linapokauka, maji yatokayo juu yake hulipoza, kama vile mtungi wetu unavyoyapoza maji kwa kutoka jasho. Tone hubaki na joto la chini sana kuliko hewa iliyolizunguka, na kwa muda wa sekunde chache tu huwa vumbi kavu. Kila chembe ya vumbi hilo ina polifenoli ndani na gundi nje, mfano wa kidonge kilichofunikwa sukari. Hewa haiingii kwa urahisi. Mashine hiyo ni ya gharama, wala sitazamii kuiona shuleni kwetu kabla sijamaliza. Lakini gundi yapatikana, na mchujo uliochanganywa na gundi ukakaushwa polepole katika sahani pana, gizani, hutoa magamba yanayosagika. Tuliyasaga, tukayatia katika chupa ya kahawia, tukaijaza mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi.

Sasa nirudi kwa wenzangu wa upande wa dawa. Najua watasema: ikiwa antioksidanti hulinda mafuta chupani, kwa nini isilinde mwili? Swali hili ni zuri, na wataalamu waliliuliza kabla yetu, wakalijibu kwa kazi kubwa. Huko Finland wanaume 29,133 waliokuwa wavuta sigara walipewa vidonge kwa miaka kadhaa, wengine vidonge vya beta-karotini, ambayo ni antioksidanti ya karoti, wengine vya vitamini E, wengine vyote viwili, na wengine vidonge vitupu. Ilitazamiwa kwamba saratani ya mapafu ingepungua. Matokeo yalitolewa mwaka 1994: waliokunywa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa sehemu 18 katika mia zaidi ya wasiokunywa. Marekani nako jaribio kama hilo lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake, kwa kuwa mambo yalikwenda vile vile. Tena, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula iliyopanga nguvu za antioksidanti zilizopimwa katika vyombo vya maabara. Mwaka 2012 iliiondoa, kwa kuwa wauzaji waliitumia vibaya na kwa kuwa hesabu za chombo cha kioo hazikuonyesha kinachotokea ndani ya mtu. Chupa haina tumbo, haina ini, haina damu. Mtu anavyo vyote.

Sisemi kwamba kula embe ni kubaya. Kula matunda ni jambo jingine, na hakuna mtu anayelikataza. Nasema kwamba mtu mwenye kisukari asiache dawa za hospitali kwa ajili ya kijiko cha unga wa kokwa. Mama yangu mdogo alikuwa akinunua unga wa kokwa la parachichi sokoni, katika vifuko vya plastiki nyepesi vilivyoning'inizwa juani tangu asubuhi hata jioni. Unga huo ulikuwa na rangi kama tofali. Kwa hiyo, hata tungekubali kwamba dawa imo, kwa namna ulivyotunzwa dawa ingekuwa imekwisha kutumika sokoni, ikiwalinda wapita njia. Nilipomweleza alisema, "Mwanangu, sasa umekuwa daktari?" Lakini siku hizi hanunui tena, nami nashukuru.

Liko na jambo baya zaidi kuliko kupoteza fedha. Mwaka 2001 katika jimbo la Orissa huko India, watu wa vijiji maskini walikufa baada ya kula uji wa viini vya maembe. Chakula hicho walikizoea tangu zamani katika miezi ya njaa. Serikali ilisema viini vilikuwa vimeingia ukungu. Wengine walisema ni njaa yenyewe iliyowaua, kwani mtu mwenye chakula kingine hali kiini chenye ukungu. Ugomvi huo ulikuwa mkubwa, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa zikitaja jambo moja. Kwetu sisi linalotosha ni hili: unga wa kokwa usiokaushwa vizuri si kitu cha kumpa mgonjwa, wala mtoto, wala mtu ye yote, na kwa kuutazama tu sokoni huwezi kujua ulikaushwa namna gani.

Katika mafuta habari ni tofauti. Mwaka 2007 wataalamu wa Misri walichapisha kazi yao juu ya viini vya maembe ya nchi yao, wakaonyesha kwamba mchujo wake ulisaidia mafuta ya alizeti kustahimili bila kuharibika. Viwanda vingi vya dunia hutumia antioksidanti zilizotengenezwa kwa kemikali, kama BHA na BHT, na sheria huzipimia: Marekani, kwa mfano, hazipaswi kuzidi sehemu 2 katika kila sehemu 10,000 za mafuta. Tazama jinsi kiasi kinachohitajika kilivyo kidogo. Kama mchujo wa mmea ungekaribia kazi hiyo, kokwa chache zingelinda dumu zima. Wala si ndoto ya mtoto wa shule: Ulaya tangu mwaka 2010 imeruhusu mchujo wa majani ya rozimari kutumika hivyo katika vyakula, nao una namba yake rasmi kama viungo vingine vya viwandani. Rozimari imepewa namba. Kwa nini kokwa la embe lisijaribiwe?

Yako matatizo, nami sitayaficha. Polifenoli hupenda maji, hazipendi mafuta. Ukizitia nyingi zitazama chini kama mchanga. Mchujo una ukali, na mafuta machungu hayatanunuliwa hata yakidumu miaka 10. Tena hakuna mtu anayeruhusiwa kuuza mafuta yaliyotiwa kitu kipya bila idhini ya Shirika la Viwango, nalo litataka kuona vipimo, siyo insha. Na kuna swali la mkulima wa Singida, ambalo ndilo gumu: ataungoja mchujo wetu mpaka lini? Kwa hiyo, nataka kusema jambo ambalo pengine litawachekesha wenzangu wa Kemia. Mkulima huyo anaweza kuanza kesho bila kokwa hata moja. Ayaondoe mafuta juani. Ayatie katika vyombo visivyopitisha mwanga, vilivyojazwa mpaka juu na kufungwa vizuri. Asitumie mapipa yenye kutu. Auze mafuta ya zamani kwanza na mapya baadaye. Chupa moja tupu au yenye maji aiweke barabarani kama ishara, na mafuta yenyewe yakae kibandani nyuma. Akifanya haya amekwisha kushinda nusu ya vita, na kokwa likija litakuta kazi imerahisika. Asipofanya haya, mchujo wa kokwa utakuwa kama mlinzi aliyeajiriwa katika nyumba isiyo na mlango.

Naona shule yetu yaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko kiwanda, kwa sababu sisi tuna vitu viwili ambavyo kiwanda hakina: makokwa ya bure, na vijana mia kadhaa wanaoyatoa kila siku katika msimu. Naomba walimu wetu wakubali kwamba msimu ujao yawekwe matenga 2 karibu na bwalo la chakula, ya makokwa tu, na zamu ya kuosha na kupasua ipangwe kama zamu nyingine. Naomba wazazi walio mafundi seremala watusaidie kaushio moja lenye kifuniko. Na wale wa mchepuo wa biashara, ambao hutuuliza kila mara sayansi yetu italeta shilingi ngapi, watufanyie hesabu ya haki: gharama ya spiriti, gharama ya chupa za kahawia, na bei ya dumu la mafuta lililotupwa kwa sababu lilichacha.

Kwa sasa tumekwisha kuanza kwa kadiri ya uwezo wetu. Katika maabara ya Kemia ziko chupa 6 za mafuta ya alizeti kutoka Singida, zote zilijazwa siku moja kutoka dumu moja, mwishoni mwa Februari. Tatu ziko dirishani panapoingia jua, na tatu zimo kabatini. Katika kila kundi, moja haina kitu, moja ina mchujo tulioulinda kwa gundi, na moja ina unga wa kiini kilichokaushwa juani juu ya mkeka. Ile ya dirishani isiyo na kitu imekwisha anza kunuka. Nyingine bado twabishana. Wanusaji ni watatu, nao hufungwa macho kwa kitambaa ili wasijue wananusa chupa ipi. Karatasi ya majibu yao yatunzwa na mwalimu. Chupa zitafunguliwa tena kabla ya likizo ya Juni, kisha Septemba, na mara ya mwisho Desemba, wakati sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha fanya mtihani na kuondoka. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu wamekubali kuzipokea. Anahitajika wa tatu, mwenye pua nzuri, asiyevuta sigara, na asiye na tabia ya kuonja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne